Abiria wameilalamikia meli: je, tuahirishe safari yetu?

SWALI: "Mimi ni muuguzi, naishi Uyole, Mbeya. Mwezi Januari mimi na mume wangu tutatimiza miaka 30 ya ndoa, na kwa muda mrefu tumekuwa tukiweka akiba ili tusafiri kwa meli ya kitalii kutoka Durban, Afrika Kusini, hadi Msumbiji na kurudi. Wakala anataka malipo ya awali kabla ya mwisho wa mwezi huu. Kijana wetu alitafuta maoni ya abiria waliowahi kupanda meli hiyo akatusomea. Mmoja aliandika hivi: 'Sirudi tena. Tulipanga foleni zaidi ya saa mbili kupanda, chumba ni kama kabati, muziki hadi usiku wa manane, na kisiwa hatukukanyaga.' Wengine wanasema watu waliumwa matumbo, na kwamba bili ya mwisho iliwashtua. Wapo pia wanaoisifu sana. Mume wangu alikuwa Mwanza mwaka 1996 MV Bukoba ilipozama, na baada ya kusikia hayo anasema tuachane na habari za meli. Sijui niamini nini. Je, maoni haya yanatosha kutufanya tuahirishe?"

JIBU: Dada, hongereni kwa kutimiza miaka 30 pamoja, na nakushukuru kwa kuandika swali lako kwa kirefu, kwa sababu sehemu kubwa ya jibu imo katika hayo mambo madogo uliyoyataja. Nikilisoma kwa makini naona mna maswali mawili yaliyochanganyika. La kwanza ni la fedha na starehe: je, tutapata kile tunacholipia? La pili ni la uhai: je, tutarudi Uyole salama? Kijana wenu aliyasoma yote kwa mkupuo mmoja, ndiyo maana foleni ya kupanda meli na hofu ya kuzama vikamfikia shemeji kwa uzito uleule. Maoni ya abiria yanaweza kuwasaidia sana katika swali la kwanza. Katika la pili hayana msaada wa maana, yawe ya sifa au ya lawama, na huko nitawaelekeza pengine pa kutazama.

Kwa hayo uliyonitajia, mimi nisingeahirisha safari. Ningeitazama upya tarehe, ningechagua chumba kwa makini, na nisingelipa chochote kabla ya kusoma masharti ya mkataba.

Wengi wetu huyahesabu maoni kama kura. Tukikuta mabaya ni mengi tunasema meli haifai, tukikuta mazuri ni mengi tunatoa fedha. Hesabu hiyo inapotosha, kwa sababu abiria aliyeridhika kiasi, akala, akalala, akashuka na kurudi kazini, mara nyingi haandiki kitu. Anayeandika ni aliyefurahi mno au aliyekasirika. Chukulia meli inayobeba abiria 2,500 na kufanya safari mbili kwa wiki katika msimu wa miezi mitano. Hao ni abiria zaidi ya 100,000. Malalamiko 200 yakisomwa mfululizo jioni moja sebuleni yatawaelemea, ilhali ni watu wawili tu katika kila 1,000. Sisemi kwamba walalamikaji ni waongo, na hesabu hiyohiyo inazipunguza nguvu sifa pia. Ninachosema ni kwamba idadi ya maoni haiwezi kuwaambia meli ni nzuri au mbaya kiasi gani. Inawapasa kuingia ndani ya kila oni na kuuliza: jambo hili lilisababishwa na nini, na je, linaweza kunipata mimi?

Tulichukue lile ulilolinukuu, tulifungue kipande kwa kipande.

Foleni ya kupanda ni jambo la kweli. Kwenye bandari ya kuanzia, watu elfu mbili na zaidi hufika ndani ya saa chache, na kila mmoja lazima akaguliwe paspoti, akaguliwe mzigo na kupigwa picha ya kadi ya melini. Kampuni nyingi humpangia kila abiria saa yake ya kufika, lakini wengi hupuuza na kujazana mapema ili wawahi chakula cha mchana. Anayefuata saa aliyopangiwa, hasa ikiwa ni ya alasiri, kwa kawaida hukuta msongamano umepungua. Kama mmoja wenu ana matatizo ya magoti au mgongo, mwambieni wakala aombe huduma ya kiti cha magurudumu au njia ya wenye mahitaji maalumu, tena aiombe wakati wa kukata tiketi, siyo siku ya kupanda.

Chumba "kama kabati" kina maelezo rahisi zaidi. Vyumba vya bei ya chini huwa katikati ya meli, havina dirisha, na vingi vina ukubwa wa mita za mraba 13 hadi 16, choo na bafu vikiwa ndani ya hesabu hiyo. Huyo bwana alipata chumba alichokilipia. Lakini msilipuuze oni lake, kwa maana lina funzo kwenu: kama ninyi hamwezi kulala mahali ambapo hamjui kama kumekucha, ongezeni fedha mpate chumba chenye dirisha, hata ikibidi mpunguze matumizi mengine. Kwa sherehe ya miaka 30 ya ndoa, mimi naona hiyo ni fedha inayotumika vizuri.

Muziki hadi usiku wa manane ni suala la tarehe na mahali chumba kilipo. Safari nyingi za kutoka Durban ni fupi, na zile za Ijumaa hadi Jumatatu hupendwa na vijana na makundi ya sherehe. Za katikati ya wiki huwa na utulivu zaidi. Tena likizo ndefu ya shule za Afrika Kusini huanza Desemba na kuendelea hadi karibu katikati ya Januari, na katika majuma hayo meli hujaa familia na watoto. Kwa hiyo kabla hamjalitazama oni lolote, tazameni liliandikwa na abiria wa tarehe ipi. Kama ndoa yenu ilifungwa mapema Januari, sherehe haitaharibika mkisogeza safari hadi mwisho wa mwezi, na meli ileile itakuwa na sura tofauti kabisa. Ombeni pia ramani ya ghorofa za meli, mchague chumba ambacho juu yake kuna vyumba vya abiria na chini yake kuna vyumba vya abiria. Aliyelala chini ya bwawa la kuogelea husikia viti vikiburutwa alfajiri, na aliyelala juu ya ukumbi wa muziki husikia ngoma kupitia kitandani.

Kisiwa ndicho kinachonigusa zaidi, kwa sababu hapa abiria wengi huvunjika moyo kwa jambo ambalo hakuna aliyewaeleza mapema. Safari za kawaida za kutoka Durban huenda Kisiwa cha Wareno, karibu na Inhaca kwenye ghuba ya Maputo, au Pomene katika mkoa wa Inhambane. Mahali hapo hapana gati la meli kubwa. Meli hutia nanga mbali, na abiria hushushwa kwa mashua ndogo. Ubavuni mwa meli mashua hupanda na kushuka na wimbi, na mtu anatakiwa apige hatua kutoka mlangoni hadi ndani ya mashua. Kukiwa na wimbi kubwa hatua hiyo ndiyo inayovunja miguu ya watu, kwa hiyo nahodha akifuta ziara anakuwa amewatendea haki abiria wake, hata kama wanamnunia. Sasa ongezeni jambo la majira. Msimu wa meli hizi, ambao ni kiangazi cha kusini, kuanzia karibu Novemba hadi Aprili, ndio pia msimu wa vimbunga katika kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi. Idai kilipiga eneo la Beira mwezi Machi 2019, na Freddy kikaipiga Msumbiji mara mbili, Februari na Machi 2023. Hata pasipo kimbunga, kando ya pwani ya Durban unapita mkondo wenye nguvu wa Agulhas unaoelekea kusini-magharibi, na upepo ukivuma kinyume chake mawimbi huinuka na kusimama wima. Kwa sababu hizo, mikataba ya meli kwa kawaida humruhusu nahodha kubadilisha njia au kuruka kituo, na abiria hurudishiwa ushuru wa bandari tu au asirudishiwe kitu. Malalamiko ya "hatukushuka" si dalili ya kampuni mbovu. Ni taarifa kwamba jambo hilo hutokea. Mkiona kwamba bila kukanyaga mchanga wa Pomene safari itakuwa hasara kwenu, basi hiyo ni sababu halali ya kutolipa. Mkiona kwamba bahari, chakula na kupumzika pamoja vinatosha, endeleeni.

Umeona basi, dada, kwamba katika mambo manne aliyolalamikia mtu mmoja, moja ni la hali ya hewa, moja ni la bei aliyoichagua mwenyewe, moja linategemea sana tarehe, na moja tu, la foleni, ndilo linaloihusu kampuni moja kwa moja. Mkae na kijana wenu myasome tena maoni mengine kwa mtindo huo. Anzeni na yale ya miezi 12 iliyopita, kwa kuwa meli hupandishwa chelezoni, yaani hutolewa majini kwa matengenezo, kila baada ya miaka michache na mara nyingi ndipo vyumba na mazulia hubadilishwa, hivyo oni la miaka minne iliyopita linaweza kuwa linasimulia meli ambayo haipo tena. Wapeni uzito walioandika mazuri na mabaya kwa pamoja. Mshtuke mkiona watu wasiofahamiana, waliosafiri karibu na wakati mmoja, wanataja kasoro ileile kwa undani: viyoyozi vilivyokufa kwenye ghorofa fulani, vyoo vinavyofurika, au fedha za safari iliyofutwa zisizorudishwa kwa miezi mingi. Hilo la mwisho lingenifanya mimi mwenyewe nitafute kampuni nyingine, hata kama chakula chao kinasifiwa na kila mtu.

Kuhusu matumbo, wewe ni muuguzi na utanielewa haraka. Mara nyingi mhusika ni virusi vya noro, vinavyoleta kutapika na kuhara saa 12 hadi 48 baada ya maambukizi na kwa kawaida huisha ndani ya siku moja hadi tatu. Vinasambaa kwa mikono, vitasa na vyakula vya kujipakulia. Meli zinasikika sana kwa ugonjwa huu kwa sababu abiria wake wanaishi pamoja kwa siku kadhaa na wagonjwa wanahesabiwa. Meli zinazotia nanga Marekani, kwa mfano, huingizwa kwenye orodha ya milipuko inayotangazwa wazi pindi asilimia 3 ya abiria au wafanyakazi wanapougua, ilhali ukumbi wa harusi wa Mwanjelwa hauna anayewahesabu wageni walioumwa kesho yake. Mamlaka ya afya ya Marekani inaeleza kwamba milipuko ya noro ya melini ni kama asilimia 1 tu ya milipuko yote ya noro inayoripotiwa nchini humo. Kinga yake mnayo mikononi. Nawaombeni msitegemee zile dawa za kupaka zenye spiriti zinazowekwa mlangoni mwa ukumbi wa chakula, kwa sababu hazivimudu vizuri virusi hivi. Sabuni na maji ya kutiririka ndiyo dawa.

Bili ya mwisho haina fumbo. Bei ya tangazo hugharimia chumba, chakula cha kumbi za kawaida na burudani. Bakshishi ya wahudumu mara nyingi hukatwa kwa kila mtu kwa kila siku, hata kwa aliyekaa chumbani. Soda, pombe, intaneti, picha, ziara za nchi kavu na daktari wa melini hulipiwa kando, na kwa kuwa kila kitu kinanunuliwa kwa kugusisha kadi ya chumba, mtu haoni fedha ikitoka. Mwombeni wakala bei yenye kila kitu cha lazima ndani yake, kisha nendeni kila jioni kwenye dawati la wageni mkaangalie deni limefika wapi.

Sasa nije kwa shemeji. Aliyeshuhudia Mwanza ya Mei 1996 ana haki ya kuogopa, na ningekusihi usimjibu kwa kumsomea sifa za meli. Mjibu kwa tofauti zinazoweza kuthibitishwa. MV Bukoba ilikuwa imepakia watu kupita uwezo wake. Meli ya kimataifa ya abiria hufungwa na mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, uliotungwa kwa mara ya kwanza mwaka 1914 baada ya Titanic kuzama. Kila anayeingia au kutoka anasajiliwa kwa kadi, orodha inafungwa kabla ya kung'oa nanga, na mashua na maboya ya kuokolea kwa jumla lazima yawe na nafasi za asilimia 125 ya watu waliomo. Je, ajali hazitokei? Zinatokea. Costa Concordia ilipiga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, tarehe 13 Januari 2012 ikiwa na watu zaidi ya 4,200, na 32 walikufa. Ilibainika kwamba mamia ya abiria waliopanda siku hiyo walikuwa hawajafanya mazoezi ya dharura, na tangu tarehe 1 Januari 2015 kanuni inataka mazoezi hayo yafanyike kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Mtakapoitwa, nendeni wote wawili, mkaone kwa macho mahali penu pa kukusanyikia na mtembee kutoka chumbani hadi hapo bila kutumia lifti.

Kuhusu meli yenu hasa, mwambieni wakala awape namba yake ya usajili wa kimataifa, ambayo huwa na tarakimu saba na haibadiliki hata meli ikibadilishwa jina. Kijana wenu ajisajili bure kwenye hifadhidata iitwayo Equasis, aingize namba hiyo, na ataona ukaguzi uliofanywa bandarini, kasoro zilizokutwa na kama meli imewahi kuzuiliwa. Ukurasa huo mmoja una thamani kwa hofu ya shemeji kuliko maoni 500. Na kama baada ya kuuona bado moyo wake umekataa, usimlazimishe. Matema iko karibu na nyumbani, Ziwa Nyasa ni zuri, na sherehe ya ndoa haipaswi kuwa mtihani kwa mmoja wenu.

Lipo jambo lingine ambalo hamtalikuta katika maoni hayo, kwa sababu wengi wa walioandika wanaishi Afrika Kusini na hufika bandarini kwa gari lao. Ninyi mna ndege ya kutoka Songwe hadi Dar es Salaam, au basi la zaidi ya kilomita 800, kisha ndege nyingine, pengine mbili, hadi Durban. Mawingu na mvua za Januari zikichelewesha ndege ya kwanza, meli haitawangoja, na tiketi ya aliyeachwa kwa kawaida hairudishwi. Fikeni Durban angalau siku moja kabla. Watanzania wenye paspoti ya kawaida hawahitaji viza ya Afrika Kusini kwa ziara fupi, lakini mtatoka kwenda Msumbiji na kuingia tena, kwa hiyo thibitisheni masharti ya nchi zote mbili kwa balozi zake kabla ya kulipa. Paspoti ziwe na zaidi ya miezi sita ya uhai na kurasa tupu. Bebeni cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa na sasa ni cha maisha. Bima ya safari isikosekane, tena iwe inataja matibabu ya melini na kusafirishwa kwa dharura, kwa maana kadi ya bima ya afya ya hapa nyumbani haitawasaidia huko. Kama mmoja wenu ana shinikizo la damu, kisukari au alifanyiwa upasuaji karibuni, amwone daktari wake ana kwa ana kabla ya malipo ya awali, wala asisubiri hadi wiki ya kuondoka, na aulizie pia dawa ya kichefuchefu cha bahari inayopatana na dawa anazotumia. Chumba cha ghorofa za chini, katikati ya urefu wa meli, huyumba kidogo kuliko cha mbele kabisa juu.

Kuhusu malipo hayo, nendeni wenyewe ofisini kwa wakala, msimalize mambo kwa simu. Ombeni kuona usajili wa kampuni yake na leseni yake ya uwakala wa utalii. Ombeni masharti ya kampuni ya meli kwa maandishi, mkatafute humo mambo matatu: mkijitoa mtarudishiwa kiasi gani na hadi tarehe ipi, meli ikifuta safari fedha zitarudi kwa njia gani na kwa muda gani, na kama tarehe inaweza kusogezwa mara moja bila faini. Fedha ziingie kwenye akaunti ya kampuni na mpewe risiti yenye namba ya nafasi mliyowekewa melini, kisha kijana wenu apige simu kwa kampuni yenyewe ya meli kuuliza kama namba hiyo ipo na kama majina yenu yameandikwa sawasawa na yalivyo kwenye paspoti. Wakala akisema masharti atayatuma baadaye, au akitaka fedha kwenye namba yake binafsi ya simu, ondokeni na fedha zenu, hata kama mwisho wa mwezi ni kesho.